Mzalendo.com kwa anayefuatilia mbunge mkongwe wa mashambani: pazuri pa kuanzia

Kwa Mkenya anayetaka kujua mbunge wake anafanya nini Nairobi, hakuna huduma ya bure inayoifikia Mzalendo. Ilianzishwa mwaka 2005 na Ory Okolloh na Conrad Akunga, na leo inaendeshwa na shirika la Mzalendo Trust. Kazi yake kubwa ni kuchukua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, ambayo Bunge huitoa kwa mafaili marefu ya PDF, na kuyaweka maneno ya kila mbunge chini ya jina lake pamoja na chama, eneo bunge na nyadhifa. Hilo peke yake linastahili shukrani. Lakini mtu aliyekaa bungeni miongo miwili akiwakilisha eneo la mbali hawezi kusomwa kwa ukurasa mmoja.

Mfano mzuri ni Dkt. Naomi Shaban, daktari wa meno aliyeiwakilisha Taveta kuanzia uchaguzi wa Desemba 2002 hadi 2022. Aliingia kwa KANU, mwaka 2013 akachaguliwa kwa TNA, na 2017 kwa Jubilee. Kwa hiyo usichuje kwa chama, utapata kipande tu cha safari yake. Chuja kwa jina na eneo bunge. Taveta ina nafuu kwa sababu jina halikubadilika maeneo bunge yalipoongezwa kutoka 210 hadi 290. Kwa Adan Keynan, aliyetoka Wajir West akaja Eldas, lazima utafute kote kuwili.

Tatizo kubwa liko kwenye kuhesabu. Kila mwaka Mzalendo hutoa orodha ya waliozungumza sana na walionyamaza, na magazeti huipokea kama hukumu. Mimi siioni hivyo. Shaban alikuwa waziri katika serikali ya mseto, akianza na Mipango Maalum mwaka 2008, wizara iliyobeba mzigo wa wakimbizi wa ndani baada ya ghasia za uchaguzi. Wakati huo mawaziri walikaa bungeni na kujibu maswali, kwa hiyo mengi aliyosema ni majibu ya serikali wala si kilio cha Taveta. Baada ya 2013 mawaziri hawakuwa tena wabunge, naye akawa Naibu Kiongozi wa Walio Wengi: hapo mtu husimama mara nyingi kuendesha shughuli za chama. Ukijumlisha vipindi hivyo viwili na miaka yake ya mbunge wa kawaida, namba unayopata haina maana. Vitenganishe kwanza, kisha soma.

Kura nazo hazipo kama watu wanavyodhani. Maamuzi mengi hupitishwa kwa sauti ya "ndiyo" na "la", na majina huandikwa pale tu wabunge wa kutosha wanaposimama kudai kura ihesabiwe. Ukikosa kura ya mbunge wako kuhusu mswada fulani, usidhani tovuti imeificha. Huenda haikuandikwa popote.

Kazi ya kamati, ambayo mbunge makini huitolea saa nyingi kuliko ukumbini, ni ya kutafuta penginepo. Ingia parliament.go.ke, fungua ripoti ya kamati, ruka mapendekezo na uende viambatisho vya mwisho. Mara nyingi hapo pana kumbukumbu za vikao zinazoonyesha waliohudhuria na walioomba udhuru. Hicho ndicho kipimo cha bidii ninachokiamini kuliko hesabu ya hotuba.

Tovuti ilizaliwa Shaban akiwa tayari bungeni, kwa hiyo kwa miaka yake ya kwanza nenda Google Books, ambako Hansard nyingi za zamani zimepigwa skani na zinasomeka nzima. Tafuta "Dr. Shaban" badala ya jina kamili, maana Hansard huandika cheo na jina la ukoo; na akiwa waziri, jina liko ndani ya mabano baada ya wadhifa. Tafuta mada kwa lugha mbili. Kanuni za Bunge zinamtaka mbunge amalize hotuba kwa lugha aliyoianzia, kwa hiyo hotuba ya Kiswahili kuhusu ndovu wa Tsavo wanaovamia mashamba haitajitokeza ukiandika neno la Kiingereza pekee. Vivyo hivyo kwa maskwota. Halafu kumbuka Jumatano kwa kawaida ina vikao viwili, saa tatu na nusu asubuhi na saa nane na nusu alasiri, na kila kimoja kina Hansard yake. Wengi husoma kimoja wakaapa mbunge hakusema neno.

Upande wa nyumbani, Mzalendo haikusaidii sana, na kwa mwananchi wa mashambani ndiko anakompimia mbunge: madarasa, basari, kituo cha polisi. Chukua ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu NG-CDF, mfuko wa serikali kuu wa maendeleo ya maeneo bunge, ambazo hutolewa kwa kila eneo bunge na kila mwaka wa fedha. Zisome ukiangalia miradi iliyolipiwa bila kukamilika na fedha zilizochelewa kutoka Hazina, kwa sababu mbunge hulaumiwa kwa yote mawili ilhali la pili haliko mikononi mwake. Zahanati na maji ya kijijini ni kazi ya kaunti tangu 2013. Anayempigia mbunge makofi kwa zahanati ya mwaka 2016 amekosea mlango.

Ningependa Mzalendo waongeze mambo mawili: hesabu iliyotenganishwa kwa wadhifa, na kiungo cha ripoti ya ukaguzi ya eneo bunge kwenye ukurasa wa kila mbunge. Hadi hapo, kila unaponukuu hotuba kutoka kwao andika tarehe na kikao, asubuhi au alasiri, ili atakayekuja baada yako aipate kwenye PDF ya Bunge.