Jeli ya kutunza maji kwenye vyungu: inafaa, ila angalia maji unayomwagilia

Nakaa Mikocheni, Dar es Salaam, na mimea yangu karibu yote iko kwenye ndoo na vyungu barazani: pilipili, mrehani, mchaichai, nyanya kidogo. Januari na Februari, kabla masika hayajaanza, chungu ulichomwagilia asubuhi jioni kimeshakauka. Ndiyo maana nilinunua zile chembe za jeli kwa muuza miche: ni chembe kavu unazochanganya na udongo, zikilowa zinavimba na kushika maji.

Kwenye vyungu zimenisaidia sana. Pilipili iliyokuwa inataka maji asubuhi na jioni sasa inamaliza siku nzima majani yamesimama. Nilipoihamishia kwenye ndoo kubwa nikakuta vimizizi vimepenya hadi ndani ya vipande vya jeli, vimeshikana navyo kama shanga kwenye uzi. Kipimo ni gramu moja hadi mbili za chembe kavu kwa lita moja ya udongo, basi. Ukizidisha, zikivimba zinainua udongo na mche unalegea. Ziloweke kwanza, kisha zichanganye na udongo wa chini kwenye mizizi. Zikikaa juu, jua linaziharibu mapema.

Sasa jambo ambalo muuzaji hakuniambia, na kwa Dar ndilo kubwa: chumvi. Jeli hii ni jamii ya plastiki, na inaweza kunyonya maji mara mamia ya uzito wake, lakini maji hayo yawe safi. Wengi wetu huku pwani tunategemea visima, na vingi vina maji ya chumvi. Nilichukua glasi mbili, nikaweka chembe sawa kwenye kila moja. Ya maji ya mvua ilijaa vipande vikubwa, vyororo, vinavyong'aa. Ya maji ya kisima vilibaki vidogo, havikufika hata nusu, na ukivibonyeza ni vigumu. Chumvi inazuia jeli isivimbe, na kalisiamu na magneziamu ndiyo mbaya zaidi. Mbolea ya dukani iliyoyeyushwa nayo inafanya hivyo hivyo, kwa hiyo mimi naiweka kidogo kidogo.

Kwenye bustani ya ardhini sizipendekezi kabisa. Kichanga chetu kinataka samadi iliyooza na matandazo. Makumbi ya nazi yapo tele. Samadi inashika maji na inalisha mmea, wakati jeli haina chakula chochote, na eneo lote utalijaza kwa hela gani?

Ningenunua tena kwa ajili ya vyungu, maana namwagilia maji ya bomba ya DAWASA na ya mvua ninayokinga. Kama una kisima tu, omba chembe chache uzijaribu kwenye glasi kabla hujalipia mfuko mzima. Ukizimwaga sakafuni, zifagie zikiwa bado kavu, maana zikilowa zinateleza vibaya. Na zifiche mbali na watoto wadogo: mtoto akizimeza zinavimba tumboni.