Propela ya alumini au stenlesi? Nimetumia zote mbili, haya ndo niliyoyaona

Boti yangu ni faiba futi 19, mashine farasi 60 foo stroki, wikiendi tunaenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo hapa Dar na familia. Ilikuja na propela ya alumini, nikaitumia miaka miwili bila kuwaza, halafu jamaa mmoja pale ufukweni akaniambia weka stenlesi utaona tofauti. Nikaweka, saizi ileile, pichi 13 (yaani kwa hesabu, kila mzunguko mmoja propela inasogea mbele inchi 13).

Tofauti ipo kweli, sidanganyi. Panga za stenlesi ni nyembamba na hazipindi zikisukuma maji, kwa hiyo boti inanyanyuka haraka hata tukiwa watu sita, na ukikata kona kali inashika maji, haitelezi kama ile ya alumini ambayo ukigeuka tu mashine inalia na boti haiendi. Mwendo uliongezeka kama noti mbili hivi (maili mbili za baharini kwa saa) kwenye GPS.

Sasa ikaja siku ya bamvua, maji yametoka sana, tunarudi upande wa Fungu Yasini na mimi nikakata njia ya mkato ambayo maji yakijaa huwa napita vizuri tu, tukagonga mwamba. Propela ilipata kidonda kidogo tu pembeni, nikashukuru Mungu, ila kufika nyumbani mashine inatetemeka, kuifungua shafti imepinda!! Ndani ya propela kuna bushi ya mpira ya kupunguza kishindo lakini sio kila kishindo itakimeza. Alumini ni laini, inapinda au kukatika yenyewe na mara nyingi gia boksi inabaki salama. Stenlesi haikubali kuumia, kishindo kinapanda juu kwenye shafti na gia, na bei ya shafti na gia ukiiulizia utakaa chini. Halafu zinki, kile kipande kinacholiwa na maji ya chumvi badala ya mashine, nayo ilikuwa inaisha upesi kuliko zamani, kwa hiyo ukiweka stenlesi ikague mara kwa mara.

Nimerudi kwenye alumini. Ikipinda usimpe fundi aigonge kwa nyundo tu, mimi nilishafanya hivyo ikawa inatikisa boti nzima, ipeleke kwa anayejua kuchomelea alumini na kuisawazisha, la sivyo nunua mpya maana bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya stenlesi.

Na kabla hujahangaika na madini yake angalia pichi kwanza. Mashine yangu inatakiwa ifike raundi 5000 hadi 6000 kwa dakika ukifungua moto wote, isipofika shusha pichi, kila inchi moja inabadilisha raundi 150 mpaka 200 hivi. Wengi wanalaumu alumini kumbe pichi ndo imekosewa.

Stenlesi sijaiuza. Naifunga tukienda nje maji marefu kuburuza ndoano, na siku hizo ya alumini inakaa ndani ya boti pamoja na spana, nati na pini ya spea.