Kutafuta mababu wa Makaburu kwa rekodi za VOC: nyota 4 kwa 5

Mimi ni mtu wa Eldoret na nilikuwa namsaidia jamaa mmoja wa South Africa, mababu zake ni wale Makaburu walioshuka Mombasa 1908 na kina Jansen van Rensburg, wakapanda treni hadi Nakuru alafu magari ya ng'ombe hadi Uasin Gishu. Hiyo sehemu anaijua, alichotaka ni kabla ya Cape, ile koloni ya Waholanzi kule South Africa. Tukaingia kwa orodha ya watu wa meli za VOC, ile kampuni ya Uholanzi ya biashara ya India Mashariki, iko onlaini kwa Nationaal Archief ya Uholanzi.

Kwanza ni bure kabisa. Imetolewa kwa vitabu vya mishahara vya meli, hasa vya karne ya 18, so unaandika jina inakuletea mtu alitoka mji gani, alikuwa askari ama fundi ama baharia, alipanda meli gani, aliacha kazi lini na kwa nini, na wengi wao ni alikufa, imeisha hivyo. Na kama ulidhani Makaburu wote asili yao ni Uholanzi utashangaa, kampuni iliajiri Wajerumani wengi ajabu.

Sasa usiandike jina vile linaandikwa leo, karani aliandika alivyosikia, jaribu herufi za kwanza tu alafu uchuje kwa mji na meli. Kina Jansz wako wengi hadi utachoka, maana hiyo ni mtoto wa Jan tu, si jina la ukoo.

Nyota moja nimekata juu hii orodha ni ya waajiriwa. Wake zao humpati, watumwa pia humpati, hao nenda rekodi za ubatizo za kanisa la Cape, nyingi ziko FamilySearch, tovuti ya kutafuta mababu, bure pia ila ufungue akaunti. Soma hadi majina ya mashahidi, mara nyingi ni ndugu wa familia. Na ukikuta mama ameandikwa van Bengale (wa Bengal) ama van de Kaap (wa Cape) usiruke, kuna uwezekano mkubwa alikuwa mtumwa. Angela wa Bengal alikuwa mtumwa kwa nyumba ya Van Riebeeck mwenyewe, yule mkuu wa kwanza wa Cape, baadaye akaachiwa huru, 1669 akaolewa na Arnoldus Basson, na kina Basson wako hadi leo. Jamaa yangu alikuwa anatafuta mabaharia, sasa anataka tufuate upande wa akina mama kwanza.

Kama babu yako alifika miaka ya 1650 na Van Riebeeck, usipoteze bundles hapa, anzia ubatizo.