The Beths kabla hawajavuma: nachambua Warm Blood na Future Me Hates Me

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo tuna rekodi mbili za bendi moja, The Beths, kutoka Auckland, New Zealand. Ya kwanza ni EP yao (rekodi fupi kuliko albamu) ya mwaka 2016, Warm Blood. Ya pili ni albamu yao ya kwanza kamili, Future Me Hates Me, iliyotoka tarehe 10 Agosti 2018. Najua wengi mtakaoifungua video hii mmewajua kupitia kazi za karibuni, labda Expert in a Dying Field ya 2022 au Straight Line Was a Lie ya 2025. Naombeni leo tuziweke hizo pembeni. Nataka tuwasikilize walipokuwa bado kundi la marafiki lisilojulikana nje ya mji wao, maana kinachowafanya wapendwe leo kilikuwa kimeshakamilika tangu wakati ule.

Na kitu chenyewe ni waitikiaji. Hilo nalisema mapema kabisa.

Hebu sikiliza kipande hiki, ni kiitikio cha wimbo uliobeba jina la albamu... Haya. Sasa nakurudishia palepale, lakini safari hii usimfuate anayeongoza. Fuata walio nyuma yake... Umewasikia? Wale si waimbaji wa kukodi waliokuja studio kuongeza utamu. Ni mpiga gitaa la solo, mpiga besi na mpiga dramu, kila mmoja na chombo chake mkononi, na wote wanaimba. Kuna wakati wanamjibu, kuna wakati wanakaa na noti moja huku yeye akishuka, kuna wakati wanamwachia nafasi peke yake ili warudi kwa kishindo. Ukiwaondoa, wimbo unabaki mzuri. Wakiwepo, wimbo unakuwa na watu wanne wanaobishana juu ya jambo moja.

Anayeongoza ni Elizabeth Stokes. Ndiye mtunzi, ndiye mwimbaji, na ndiye anayepiga gitaa la rithimu. Alizaliwa Jakarta, Indonesia, akahamia New Zealand akiwa mtoto mdogo. Gitaa la solo ni la Jonathan Pearce, ambaye pia ndiye prodyuza wao. Besi ni Benjamin Sinclair. Kwenye rekodi hizi mbili mpiga dramu ni Ivan Luketina-Johnston. Tristan Deck, mnayemwona kwenye video zao za sasa, alikuja baadaye.

Hawa watu walisoma muziki wa jazi Chuo Kikuu cha Auckland, na Stokes alisomea tarumbeta. Hata kabla bendi haijaanza kuzunguka dunia, kazi yake ilikuwa kufundisha watoto tarumbeta. Jazi huwezi kuisikia moja kwa moja humu. Hakuna solo ndefu, hakuna midundo ya kukupoteza. Lakini mtu aliyesoma jazi amezoea kuchukua noti tatu au nne zinazolia pamoja, akazisikia kila moja kama sauti inayojitegemea, yenye mahali inapotoka na inapokwenda. Ndivyo hasa walivyowapanga waitikiaji wao. Hakuna anayeimba noti ya kujazia.

Muziki wanaoupiga The Beths unaitwa pawa popu. Kwa wageni wa aina hii ya muziki, nieleze kidogo. Pawa popu ni roki yenye gitaa za nguvu, ila wimbo ndio bosi. Melodi lazima ishikike mara ya kwanza, kiitikio kije mapema, na wimbo uishe kabla hujauchoka. Jina hilo alilitumia Pete Townshend wa The Who mwaka 1967 akielezea muziki wa bendi yake. Kisha miaka ya 70 wakaja kina Big Star wa Memphis, Marekani. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1972, wachambuzi wakaisifu sana, lakini wasambazaji walishindwa kuifikisha madukani, kwa hiyo watu wengi walioitaka hawakuipata. Aina hii ya muziki ina historia ya namna hiyo: nyimbo za kupendwa na kila mtu, zilizoishia kwa wachache.

New Zealand nayo ina yake. Mwaka 1981 Roger Shepherd alianzisha lebo ya Flying Nun mjini Christchurch, na baadhi ya rekodi zake za mwanzo zilirekodiwa na Chris Knox kwa mashine ya kurekodia ya TEAC yenye njia nne tu za sauti. Bendi za Dunedin, mji mwingine wa nchi hiyo, kama The Clean na The Chills, zilionyesha kwamba unaweza kurekodi nyumbani, kwa vifaa vichache, na muziki ukafika Ulaya na Marekani. Sisemi The Beths wanasikika kama hao, hawasikiki hivyo. Ila wametoka katika nchi ambako kujirekodia wenyewe ni jambo la kawaida na la kuheshimika.

Twende kwenye Warm Blood. Hii waliitoa wenyewe, bila lebo. Ni fupi, ukikaa nayo kwenye daladala inaisha kabla hujafika. Sauti yake ni ya karibu na ina ukwaruzo: gitaa zimesukumwa mbele, na Stokes mara nyingine anazama chini yake. Wimbo wa Lying in the Sun ndio naupenda zaidi hapa, kwa sababu wanaacha melodi itembee taratibu na unapata nafasi ya kuisikia sauti yake ilivyo. Anaimba na lafudhi yake ya New Zealand bila kuificha. Hilo nalithamini mno. Waimbaji wengi wa roki wakishika maiki tu wanageuka Wamarekani, yeye anaimba anavyozungumza, na ndiyo maana unamwamini.

Halafu kuna Whatever. Wimbo huo upo kwenye EP hii, na upo tena kwenye albamu, wa tisa kati ya kumi. Kwa hiyo ukiukuta mara mbili usidhani orodha yako ina kasoro. Mimi nauona kama daraja kati ya rekodi hizi mbili, na bado unasimama imara miaka miwili baadaye katikati ya nyimbo mpya.

Sasa albamu yenyewe. Nyimbo kumi, chini ya dakika 40. Ilitoka chini ya Carpark, lebo huru ya Marekani, lakini kazi ilifanyika nyumbani: Pearce ndiye aliyerekodi na kumiksi, kwenye studio yake iliyopo barabara ya Karangahape, katikati ya Auckland. Na unasikia tofauti. Gitaa mbili zimetenganishwa vizuri, moja kila upande. Vaa hedifoni utaona. Waliokulia kwenye muziki wa dansi mtakuwa nyumbani, maana mmezoea gitaa la rithimu linaloshikilia njia huku solo likizungumza nalo. Pearce hapigi solo za kujionyesha. Anatafuta pale Stokes anapovuta pumzi, anaingiza sentensi fupi, anatoka.

Great No One inafungua albamu kwa kasi. Inayofuata ni ile niliyowapigia mwanzo. Ndani yake kuna mtu anayejua kabisa kwamba akipenda ataumia, anajiona kesho akijilaumu, na bado anakwenda. Huo ndio uzito wa Stokes kama mtunzi. Maneno yake yamejaa wasiwasi, kujishuku, kujiona hafai, lakini muziki unaruka. You Wouldn't Like Me ni mtu anayekuonya usimkaribie, na anakuonya kwa melodi ambayo inakuvuta umkaribie. Happy Unhappy ni mtu aliyekuwa ameshaizoea huzuni yake, amepanga maisha yake vizuri ndani yake, halafu mapenzi yanakuja kumvuruga. Wimbo huo usikilize mara mbili. Mara ya kwanza utaimba kiitikio, mara ya pili utasikia anachosema.

Uptown Girl, kwa wanaouliza, si ule wa Billy Joel wa mwaka 1983. Huu una hasira, una kelele, na dramu zinakimbia hasa.

Na Little Death. Jamani, huu wimbo. Unaeleza mwili unavyoshtuka mtu unayempenda akiwa karibu, na bendi inafanya kitu hichohicho kwa sauti: inapanda polepole, inajizuia, inajizuia tena, kisha inafunguka na wote wanne wanaimba kwa pamoja. Hapa ndipo ninaporudi kwenye hoja yangu. Maneno ya Stokes ni ya mtu mpweke, anayejisemea kichwani. Kama angeimba peke yake, albamu nzima ingekuwa malalamiko. Lakini kila anapofika mahali pa kukata tamaa, wenzake watatu wanaingia na kuyabeba maneno yaleyale pamoja naye. Siri aliyokuwa anaificha inakuwa ya kundi. Sijasikia bendi nyingi changa zilizoelewa kazi ya waitikiaji kwa kiwango hicho kwenye albamu ya kwanza.

Kasoro? Zipo. Katikati ya albamu nyimbo zinafanana mwendo, na ukiisikiliza huku unafanya kazi nyingine, Not Running inaweza kukupita usijue imeanza wapi. River Run: Lvl 1 inatuliza mambo, lakini ni ya nane, na mimi ningeipandisha mapema ili msikilizaji apumue. Pia kwenye spika ndogo za simu besi ya Sinclair inapotea karibu yote, na hiyo ni hasara, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayeamua wimbo unaelekea wapi.

Hata hivyo, kwao New Zealand uzuri wa albamu hii waliutambua haraka. Mwaka 2019, kwenye Taite Music Prize, tuzo za muziki za huko, albamu hii ilichukua tuzo ya kazi bora ya kwanza ya wasanii huru.

Je, uinunue? Ndiyo, na uanze na albamu, si EP. Zote mbili zipo mtandaoni, na kwenye ukurasa wao wa Bandcamp unaweza kuzinunua na kuzipakua kabisa, jambo ninalolipendekeza kwa bendi huru yoyote unayoipenda. Santuri ni nzuri pia, ila gharama ya kuisafirisha hadi kwetu inaweza kuzidi bei yake, kwa hiyo agiza tu kama una mtu anayekuja. Warm Blood iache ije baadaye, ukishawapenda, ndipo utafurahia kusikia walikotokea.

Ukitaka kujaribu wimbo mmoja tu usiku huu, chukua Little Death, hedifoni masikioni, na uvumilie hadi pale unapofunguka. Halafu niandikie hapo chini ni sauti ya nani umeanza kuifuata. Wiki ijayo tunaingia kwenye Jump Rope Gazers ya 2020.