Uchumba wa Wazulu na wa Waswahili: nani anaanza?

Kwa Wazulu, kijana humtongoza msichana mwenyewe, tena kwa maneno mengi. Msichana hakubali hivihivi. Dada wakubwa wa rika, amaqhikiza, ndio wenye kauli. Akikubali, humpa kijana shanga, na bendera nyeupe hupandishwa kwa akina kijana. Kijiji kizima kinajua! Mjumbe, umkhongi, huja baadaye kupatana mahari, kwa desturi ng'ombe 11, mmoja akiwa wa mama mtu.

Kwetu pwani mshenga hutangulia: barua ya posa, pesa zimefungwa kwenye leso, wazee wanajifanya hawana haraka. Binti huulizwa mwishoni, na kimya chake huhesabiwa ndiyo. Hapo, mie naona Wazulu wametuzidi.