Vitabu vitano vya kutisha, na kimoja ambacho sitakirudia

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mwoga. Filamu ya kutisha naitazama kwa jicho moja, jingine nimelifunika kwa kiganja, na sauti nimeishusha mpaka wenzangu wananilalamikia. Kwa hiyo nilipoamua kuhamia kwenye vitabu nilijua nimepata nafuu. Karatasi haina muziki wa kukushtua, na ukizidiwa unakifunga tu. Nimesoma vitano kwa miezi michache. Kweli, kitabu hakikurushi kitini, lakini kinakuachia kazi ya kuchora picha mwenyewe, na kichwa changu kinachora mambo ambayo hakuna mwongozaji angethubutu.

Cha kwanza kilikuwa The Haunting of Hill House, riwaya ya Shirley Jackson ya mwaka 1959. Watu wachache wanakwenda kukaa kwenye jumba linalosifika kwa mauzauza ili kulichunguza. Mwanzo unajikokota, na nilikaribia kukitupa. Halafu ukafika ule usiku ambao Eleanor anasikia mtoto akilia upande wa pili wa ukuta, giza totoro, naye ameushika mkono wa mwenzake Theodora, anaubana kwa nguvu zote. Mwanga unapokuja, Theodora yuko kitandani kwake, ng'ambo ya chumba. Basi. Jackson hatuambii mkono ule ulikuwa wa nani, wala halirudii jambo hilo kulifafanua. Hakuna tone la damu pale. Mimi nilikuwa nimelala, mkono mmoja ukining'inia nje ya kitanda, nikaurudisha ndani ya shuka polepole kama mwizi.

Kutoka hapo niliruka hadi kwenye kitabu kilicho kinyume chake kabisa, American Psycho cha Bret Easton Ellis, cha 1991. Sifa zake zilinitangulia: mchapishaji wa kwanza alikikimbia kabla hakijatoka, na Australia kiliuzwa kikiwa kimefungwa ndani ya plastiki, kwa watu wazima tu. Kurasa za suti na kadi za biashara zinachekesha, nakubali. Zinapoanza orodha za ukatili, nilihisi kinyaa mara mbili tatu, kisha sikuhisi kitu. Nikawa naruka aya. Nadhani hilo ndilo alilolitaka mwandishi, maana Bateman, muuaji anayesimulia kitabu, anayataja majeraha kwa sauti ileile anayotajia chapa za mashati. Nimemwelewa. Kuelewa nako hakukunifanya niendelee kwa hamu. Ann Radcliffe, aliyeandika riwaya za kutisha mwishoni mwa karne ya 18, alishaligusa jambo hili katika makala iliyochapishwa 1826 akiwa ameshafariki: ipo hofu inayoipanua nafsi na kuziamsha hisi, na kipo kitisho kinachozigandisha. Kwa Ellis niliganda. Nyota mbili, moja ikiwa ya zile kadi.

Pet Sematary ya Stephen King niliisikiliza badala ya kuisoma, na hapa nitoe tahadhari kwa mwoga mwenzangu: usisikilize kitabu cha kutisha ukiwa umevaa vipokea sauti masikioni. Kwenye karatasi jicho linaona neno baya likija, linalikwepa. Masikio hayana pa kukimbilia. Tena msimulizi akishusha sauti, nawe unasogea karibu bila kujijua.

King anasema aliandika kitabu hiki baada ya kuishi kando ya barabara ya malori huko Maine. Paka wa binti yake aligongwa pale, na mwanawe mdogo nusura aikimbilie barabara hiyohiyo. Alipomaliza mswada aliona amevuka mpaka, akaufungia kwenye droo. Ulitoka 1983 kwa sababu alikuwa na deni la kitabu kimoja kwa mchapishaji wake wa zamani. Kitabu chenyewe hakikufichi kitu: tangu familia inapohamia ile nyumba unaisikia barabara, na unajua itafanya nini. Kungoja ndiko kulikonichosha. Ila kilichoniharibia usingizi si kinachorudi kutoka makaburini. Ni hesabu za Louis, yule baba anayetaka kumrudisha aliyemzika. Anapiga hatua moja, ina mantiki. Anapiga ya pili, unamhurumia. Kufika ya tano nilikuwa nabishana naye kwa sauti jikoni, na katikati ya kubishana nikagundua kwamba ningekuwa yeye, koleo ningelishika.

Tangu hapo nikaacha kupima hadithi hizi kwa wingi wa damu. Nikawa najiuliza zinaniweka wapi mimi msomaji. Bateman aliniweka nyuma ya kioo, nikachoka. Louis alinitia koleo mkononi.

Nikiwa na kipimo hicho nilirudi kwa Jackson, safari hii kwa hadithi fupi, The Lottery, iliyotoka katika jarida la The New Yorker Juni 1948. Unaimaliza kwa dakika kumi na tano. Kijiji kizuri, asubuhi ya kiangazi, watoto wanakusanya mawe, watu wazima wanataniana wakisubiri kura ipigwe. Sitasema kura ni ya nini. Nitasema tu kwamba nilipoisoma mara ya pili niliona yale mawe yalitajwa mwanzoni kabisa, na mimi niliyapita nikitabasamu. Barua zaidi ya mia tatu zilimfikia Jackson majira hayo, na kwa hesabu yake ni kumi na tatu tu zilizokuwa na maneno ya wema, nyingi kati ya hizo za marafiki. Wengine walitukana. Lakini wapo waliouliza kura hizo hupigwa wapi, na kama wanaweza kwenda kutazama. Mimi barua hizo zimenitisha kuliko hadithi yenyewe.

Na hiyo ndiyo njia iliyonifikisha kwenye The Girl Next Door cha Jack Ketchum, cha 1989, kinachotokana na mauaji ya kweli ya mwaka 1965 huko Indianapolis, Marekani. Msichana yatima anapelekwa kuishi kwa jamaa, na mama mwenye nyumba anamtesa, akiwashirikisha watoto wake na wa majirani. Hakuna jini humu, hakuna kaburi, hakuna jumba bovu. Msimulizi ni David, mvulana wa nyumba ya jirani, ambaye sasa ni mtu mzima. Hakuanzisha lolote. Alikuwa akienda, anatazama, anarudi kwao kulala.

Watu wengi wanakishutumu kitabu hiki kwamba kinauza mateso ya mtoto. Nilikianza nikiwa upande wao, na bado sidhani ni kitabu cha kumpa mtu bila kumwonya wazi. Lakini kuna sura moja, fupi kupita zote, ambamo David anagoma. Anamwambia msomaji kwamba hili halisimulii, na wewe kama unalitaka uliwaze mwenyewe. Nilikuwa nimeshaugeuza ukurasa kwa haraka, nikitafuta kilichotokea. Nikarudi nyuma. Nikatazama kidole changu pale kwenye kona ya karatasi, kilivyokuwa tayari kufunua. Wale walioandika kuuliza kura inapigwa wapi walinitisha wiki moja tu kabla.

Ellis angeeleza kila kitu, nami ningeruka aya nikiwa nimeboreka. Ketchum alinyamaza mara moja, na sikupata mlango wa kutokea. Lawama yangu ni kwamba mwisho unaharakishwa kidogo, na yule mama wakati mwingine anakuwa shetani wa kuchongwa badala ya mtu, jambo linalompa msomaji pumzi ambayo sidhani anastahili kuipewa.

Nyota tano, na sitakirudia. Kimesimama kwenye rafu, mgongo umeelekea ukutani. Mwezi uliopita rafiki yangu alikiona, akauliza mbona hiki umekigeuza, akaniomba nimwazime. Nikampa Hill House, nikamwambia alale mikono ikiwa ndani ya shuka.