World War Z: zombi hana bwana, mwanasheria hana kazi

Msomaji aliyekua akisikia habari za msukule anaweza kuifungua riwaya hii ya Max Brooks akitarajia kukutana na kiumbe anayemfahamu. Msukule wa masimulizi yetu hang'ati mtu wala haambukizi. Amechukuliwa kwa uchawi, ndugu zake wamezika walichodhani ni maiti yake, naye usiku analimishwa shamba la mtu. Anayeogopwa hapo ni bwana wake. Zombi wa Haiti, ambako jina hili lilipata umaarufu, ni wa ukoo huohuo: mtumwa ambaye hata kifo hakikumweka huru. Ni filamu ya George A. Romero ya mwaka 1968 iliyomwondolea bwana na kumpa njaa ya nyama ya watu, na tangu hapo hofu yenyewe ikahama. Sasa tunaogopa siku ambayo jirani, serikali na maji ya bombani vitatoweka kwa pamoja.

Brooks ameielewa hofu hiyo kuliko wengi. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 2006, kimeandikwa kwa mtindo wa mahojiano: mjumbe wa Umoja wa Mataifa anazunguka dunia baada ya vita vya wanadamu na mazombi na kuwasikiliza walionusurika. Kwa kuwa kila msimulizi yu hai mbele yetu, hatuna haja ya kujiuliza nani atakufa. Tunachotaka kujua ni aliishije, na alilipa nini ili aishi. Familia zinazokimbilia kaskazini mwa Kanada, zikijua kwamba baridi huwagandisha mazombi, zinabeba mashine za kukaushia nywele na kompyuta, kisha majira ya baridi yanaingia, chakula kinakwisha, na msichana anayesimulia anakumbuka mchuzi wa nyama ambao wazazi wake hawakutaka kueleza ulikotoka. Katika sura hiyo mazombi karibu hawaonekani.

Sura niliyoirudia mara nyingi zaidi ni ile ya Arthur Sinclair, ofisa wa Marekani aliyepewa kazi ya kupanga rasilimali, ambaye anawahesabu raia jinsi mwenye duka anavyohesabu bidhaa na kugundua kwamba sehemu kubwa yao hawana ujuzi wowote unaohitajika. Mwanasheria wa makampuni makubwa hajui kuziba bomba linalovuja, wakati wahamiaji waliokuwa wakifanya usafi na kazi za bustani majumbani ndio wanaogeuka walimu. Kwa maoni yangu, mvuto wa hadithi za aina hii umejificha hapo, kwani zinampa msomaji ruhusa ya kujipima kimyakimya na kujiuliza mikono yake ingefaa kwa lipi. (Mimi naweza kushona kifungo na kupika wali, basi.) Sura ya mapigano ya Yonkers, mji ulio karibu na jiji la New York, nayo imesifiwa sana, na kwa haki: jeshi lenye vifaru na kamera za televisheni linashindwa kwa sababu silaha zake zimetengenezwa pia kutia hofu, ilhali adui haogopi.

Kasoro zipo. Sauti za wasimulizi zinafanana mno, hata askari wa Marekani na kijana wa Kijapani aliyejifungia chumbani wanatofautiana kwa mambo wanayosimulia kuliko kwa namna ya kusema. Bara la Afrika limepewa nafasi ndogo, ambayo karibu yote ni Afrika Kusini. Hata hivyo mwandishi anaonyesha ukali mzuri anapoueleza ulimwengu ukiuita ugonjwa huo kichaa cha mbwa cha Afrika, kwa kuwa habari zake zilivuma kutoka Cape Town, ingawa ulianzia Uchina.

Aliyeona filamu ya mwaka 2013 asidhani ameshaijua hadithi. Filamu ina shujaa mmoja, Brad Pitt, na mazombi wanaokimbia. Kitabu kina wasimulizi wengi, na mazombi wake wanajikokota. Kinafaa pia kusikilizwa, kwa maana kimerekodiwa na kundi la waigizaji, akiwamo Mark Hamill katika nafasi ya askari Todd Wainio, lakini mnunuzi ahakikishe anachukua toleo refu la mwaka 2013, kwa sababu rekodi ya awali ilipunguzwa na baadhi ya mahojiano yakaachwa nje.